Katuba: «Munipe dawa ya tumbo». Lakini ni tumbo gani?

Kuhara, kiungulia, vidonda, minyoo, tifoidi: yote watu wanayaita «tumbo», na mara nyingi yote yanapewa kinini ileile. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Haya ni mambo ya kujua kabla ya kutoa makuta mfukoni.

Katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, mtu hahitaji kutembea sana ili apate dawa. Kuna farmasi, kuna duka dogo linalouza sabuni na kinini pamoja, na kuna meza iliyowekwa kando ya barabara chini ya mwavuli. Mteja anafika, anashika tumbo, anasema: «Tumbo inaniluma.» Muuzaji haulizi mengi. Anakata kinini nne kwenye plaketi, mara nyingi Flagyl, anaongeza mbili za rangi nyingine, anazifunga ndani ya karatasi. Mteja anameza zote siku hiyohiyo, na kesho yake, kama maumivu yametulia, anasema ile dawa ni nzuri.

Mara nyingine kweli anapona. Lakini magonjwa mengi ya tumbo yanaisha yenyewe ndani ya siku chache, na kinini inapata sifa ambayo si yake. Shida inaonekana siku ambayo tumbo si lile la kawaida: mtoto anaharisha mpaka macho yanaingia ndani, baba anatapika damu, kijana ana homa ya wiki mbili na ameshakula antibiotiki za aina tatu. Siku hiyo, muda uliopotea kwenye meza ya dawa unalipwa kwa bei kubwa.

Kuhara: dawa ya kwanza ni maji, chumvi na sukari

Mvua ikianza mwezi wa Novemba, maji ya juu yanachukua uchafu wa vyoo na kuupeleka kwenye visima. Bomba likikauka, watu wanarudi na bido zao kwenye visima hivyohivyo. Maembe nayo yanakuwa mengi, watoto wanayala bila kuyaosha, na nzi wanaongezeka. Ndiyo maana kipindi hicho kuhara kunapita nyumba kwa nyumba.

Kuhara kwenyewe ni njia ya mwili kujaribu kutoa kitu kibaya. Kinachoua haraka, hasa kwa mtoto mdogo, ni maji na chumvi vinavyotoka pamoja na choo. Kwa hiyo swali la kwanza nyumbani lisiwe «kinini gani itafunga tumbo?» bali «maji yaliyotoka tunayarudisha vipi?»

Jibu ni SRO, ule unga unaouzwa ndani ya pakiti kwenye farmasi na unaopatikana pia kwenye vituo vya afya. Pakiti nyingi ni za lita moja ya maji safi, lakini zipo ndogo zaidi, kwa hiyo soma kiasi kilichoandikwa kabla ya kuchanganya. Maji yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 inamwagwa, inatengenezwa nyingine.

Kama pakiti haipo na usiku umeingia, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya chai, vilivyosawazishwa juu, visiwe vya kujaza mpaka kilima. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo onja: maji hayo yasiwe na chumvi kupita machozi.

Mtoto wa chini ya miaka 2 anapewa robo mpaka nusu ya glasi kila baada ya kuharisha. Mwenye miaka 2 na zaidi anapewa nusu mpaka glasi nzima. Mpe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika 10, halafu uanze tena polepole. Ziwa la mama lisikatwe, na chakula kisikatwe. Ile desturi ya kumnyima mtoto chakula «ili tumbo lipumzike» inamwongezea udhaifu tu.

Pamoja na SRO, tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri zinki. Mtoto wa zaidi ya miezi 6 anapewa miligramu 20 kwa siku, wa chini ya miezi 6 anapewa miligramu 10, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumeshakoma. Zinki inafupisha ugonjwa na inapunguza nafasi ya kurudi katika miezi inayofuata. Wazazi wengi wanaiacha siku ya tatu kwa sababu mtoto ameanza kucheza. Ni kosa, maana faida ya baadaye inapatikana kwa kumaliza siku zote.

Kwa nini kitu rahisi hivyo kinashinda?

Wapo wanaodharau SRO. Wanasema ni maji ya sukari tu, mtoto anahitaji seromu ya mshipa au shindano. Historia inasema vingine.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi walijazana katika kambi ya Bongaon upande wa India, na kolera ikawaingia. Seromu za mshipa zikakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na sukari ndani ya maji safi na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 walikuwa wanakufa. Kwa waliotibiwa kwa maji hayo, vifo vilishuka mpaka chini ya 4 kwa kila 100. Mwaka 1978 jarida la madaktari The Lancet liliandika kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile.

Siri yake ni hii. Utumbo unaoharisha unashindwa kunyonya maji peke yake. Lakini kuna mlango mmoja unaobaki wazi: sukari na chumvi vikifika pamoja kwa kipimo, vinaingia, na maji yanavifuata. Ndiyo maana kipimo ni muhimu. Soda na juisi tamu sana hazifai, kwa sababu sukari ikizidi inavuta maji kuyaleta ndani ya utumbo na kuhara kunaongezeka.

Na chai ya majani ya mapera? Watu wengi wanaitumia. Anayependa kuinywa asiache SRO kwa sababu hiyo, maana haina kile kipimo cha chumvi na sukari ambacho mwili umepoteza.

Flagyl na Imodium: zina kazi yake

Flagyl ni jina la biashara la metronidazoli. Ni dawa nzuri kwa amiba na kwa kijidudu kingine kinachoitwa giardia. Lakini kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na metronidazoli haifanyi chochote kwa virusi. Mtoto anabaki na ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu, halafu anakataa kunywa maji, kitu ambacho ndicho alichokihitaji. Kwa virusi vya rota, ambavyo vinasumbua watoto wadogo zaidi, kinga ni chanjo iliyo ndani ya kalenda ya chanjo za watoto. Mtu mzima aliyeandikiwa metronidazoli asinywe bia wala lutuku mpaka siku mbili tatu baada ya kumaliza dawa.

Imodium, yaani loperamidi, inafanya utumbo utembee polepole. Mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida anaweza kuitumia kwa muda mfupi, kwa mfano akiwa na safari. Lakini mtoto mdogo asipewe, kwa sababu utumbo wake unaweza kusimama kabisa. Na mtu yeyote mwenye homa kali au damu kwenye choo asiiguse: inafungia vijidudu ndani.

Tetrasiklini, ile kapsuli ambayo wengine wanaimeza au hata kuimwaga juu ya kidonda, isipewe mtoto wa chini ya miaka 8. Inaharibu rangi ya meno yanayokua, na rangi hiyo hairudi.

Damu kwenye choo, na kolera

Choo chenye damu na makamasi, pamoja na homa na maumivu ya kukamua, si kuhara kwa kawaida. Mara nyingi ni bakteria inayoitwa shigela. Hapo antibiotiki inahitajika kweli, lakini achague munganga, kwa sababu bakteria hiyo imezoea dawa nyingi. Watu wa Kivu wanakumbuka mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kuhara. Kolera ilitangulia, kisha kuhara damu kukafuata, na bakteria ya kuhara damu ilikuwa haisikii dawa za kawaida zilizokuwapo.

Kolera, au kipindupindu, inajulikana sana Uvira, Kalemie na kandokando ya ziwa Tanganyika, lakini Lubumbashi na Likasi pia haziko mbali nayo. Mwanzoni mwa mwaka 2008 iliingia katika miji hiyo miwili na kuwalaza watu wengi. Alama yake ni choo cheupe kama maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi bila maumivu makubwa, pamoja na kutapika. Mtu mwenye nguvu asubuhi anaweza kufa jioni. Mgonjwa wa namna hiyo anaanza SRO palepale nyumbani na anaendelea kuinywa njiani kuelekea kituo. Hakuna kungoja kinini.

Tifoidi: ugonjwa unaotajwa kila mahali

«Niko na tifoidi» ni maneno yanayosikika karibu kila parsele. Wengine wanayo kweli. Wengine walipimwa Widal mara moja tu, karatasi ikarudi na namba, wakaanza antibiotiki. Widal haimtafuti kijidudu mwenyewe. Inatafuta alama ambazo mwili umeweka katika kupambana. Alama hizo zinaweza kuwa za zamani, au za ugonjwa mwingine. Kwa hiyo Widal moja peke yake si ushahidi. Kipimo chenye nguvu ni kuchukua damu na kuotesha vijidudu maabarani kabla ya kuanza dawa.

Jambo lingine: homa pamoja na kutapika au kuhara inaweza kuwa malaria, hasa kwa mtoto. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe kwanza, kabla ya kusema «ni tumbo».

Tifoidi ya kweli inaleta homa inayopanda siku kwa siku, kichwa kuuma, uchovu, tumbo kuuma, na mara nyingine choo kufunga badala ya kuhara. Ikiachwa, au ikitibiwa nusu, baada ya wiki mbili au tatu inaweza kutoboa utumbo. Kinshasa ililiona jambo hilo kati ya Septemba 2004 na Januari 2005: zaidi ya wagonjwa 42,000 waliandikishwa, zaidi ya 200 wakafa, na mamia walitobolewa utumbo au kupata uchafu ndani ya tumbo. Mtu akifika hapo, tiba yake ni kisu cha upasuaji, na familia inauza hata baiskeli ili kulipa.

Anayekula antibiotiki siku mbili na kuacha kwa sababu homa imeshuka anaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vigumu. Vile vigumu vinazaana, vinaingia kisimani, na jirani anavinywa.

Kiungulia na vidonda vya tumbo

Kiungulia ni asidi ya tumbo kupanda kooni. Kinakuja baada ya kula sana, kulala mara tu baada ya bukari ya usiku, pombe kali, sigara au mafuta mengi. Mara nyingi kubadili desturi kunatosha: kula mapema, kula kidogo, kuinua upande wa kichwa cha kitanda. Kinini za kutafuna zenye aluminiamu na magnesi zinatuliza kwa saa chache. Omeprazoli inapunguza asidi yenyewe. Inamezwa asubuhi, kama nusu saa kabla ya kula, si wakati maumivu yameshapanda. Kuhusu ranitidini: mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iondolewe sokoni, baada ya kuonekana kwamba kitu kinachoweza kuleta kansa kinazidi ndani yake kadiri inavyokaa. Mwenye boksi la zamani asiitumie.

Vidonda ni kitu kingine. Miaka mingi watu walisema vinatoka kwenye mawazo mengi na pilipili. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliinywa bakteria hiyo mwenyewe ili kuthibitisha, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel. Maana yake kwa mtu wa Katuba ni hii: kidonda kilicholetwa na bakteria kinaweza kupona kabisa. Anapimwa, kisha anapewa omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka. Kula omeprazoli peke yake miaka na miaka ni kufunika moto kwa majivu.

Sababu ya pili ya vidonda iko mfukoni mwa wafanyakazi wengi. Mchimbaji anayetoka shimoni na mgongo unaouma, mama aliyebeba mizigo sokoni mchana kutwa, msukuma mkokoteni, wote wanajua diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dawa hizi zinaondoa maumivu, lakini zinakwangua ngozi ya ndani ya tumbo, zaidi zikiliwa tumbo tupu na kila siku. Halafu mtu huyohuyo anapata maumivu ya tumbo, anarudi kwa muuzaji, na anaweza kupewa tena kinini ya maumivu kutoka ukoo uleule. Mwenye vidonda amwambie munganga kila kinini anayokula, hata ile ya mgongo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi kwa tumbo, ila isizidi kipimo, kwa sababu ikizidi inaharibu ini.

Minyoo, na choo kufunga

Kwa minyoo ya kawaida, kinini moja ya albendazoli ya miligramu 400 inatosha mara nyingi kwa mtu mzima na mtoto aliyepita miaka 2. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anapewa nusu. Mama mwenye mimba changa, ya miezi mitatu ya kwanza, asiile. Bila kunawa mikono na kuvaa viatu, minyoo inarudi.

Choo kikifunga, anza na maji mengi, sombe, lengalenga, maharagwe, matunda na kutembea. Lakini choo kikifunga pamoja na tumbo kuvimba, kutapika, au maumivu makali upande wa chini wa kulia, usimpe mgonjwa dawa ya kuharisha. Wala asiingiziwe pilipili au mizizi kwa pampu kupitia njia ya nyuma, kama wengine wanavyofanya. Huenda ni apendisi au utumbo uliojifunga, na kusukuma kunaweza kuupasua. Kwa mtoto mchanga, pampu hiyo inaweza kuua.

Usikae nyumbani ukiona haya

- Mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, au analala bila kuamka vizuri.
- Macho yameingia ndani, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa sita na zaidi.
- Choo kina damu, au ni cheusi kama lami. Kutapika damu, au kitu kinachofanana na unga wa kahawa.
- Kuhara kama maji ya mchele, kwa mtu wa umri wowote.
- Homa inayopita siku tatu, au kuhara kunakopita wiki mbili.
- Tumbo gumu kama ubao, lenye maumivu makali.
- Kukonda bila sababu, au chakula kukwama kooni.
- Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, hasa kwa mtu mzima. Hayo yanaweza kuwa ya moyo, si kiungulia.

Hapo ni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali Kuu ya Katuba, hata kama ni usiku.

Ukinunua dawa, uliza

Nunua farmasi, si kwenye jua. Dawa iliyokaa barabarani siku nzima inapoteza nguvu. Omba boksi, angalia tarehe ya mwisho, jina la dawa na miligramu. Kinini zilizokatwa na kufungwa kwenye karatasi hazina jina wala tarehe, na munganga akiuliza kesho umekula nini, hutakuwa na jibu. Uliza maswali matatu: dawa hii inatibu nini, inaliwa siku ngapi, na nani haruhusiwi kuila? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo hafai kukuchagulia dawa.

Mama aliye na mtoto mdogo anaweza kufanya jambo moja leo kabla mvua haijaanza: kuweka ndani ya nyumba pakiti mbili za SRO na plaketi moja ya zinki, juu mahali ambapo watoto hawafiki, pamoja na chupa ya lita moja ya kupimia maji. Siku kuhara kutakapoingia usiku wa manane, farmasi imefungwa na barabara haina hata taksi, matibabu yataanza dakika ileile.